Kifaransa cha Mchinjaji

Siku tuliyomzika mama walikuwepo hawa: mdogo wangu Athumani, aliyekuwa na miaka kumi; mdogo wetu Tausi, miaka minne, mgongoni mwangu; Bi Mwanahawa, mwenye nyumba tuliyopanga Mtaa wa Mkunguni; Salum, Mwarabu mwenye duka la pembeni, aliyetoa sanda na hakuitaja tena; mjomba wetu Kibwana, aliyetoka Maneromango na gunia tupu; Mihambo, Mnyamwezi wa Tabora, mpishi wa Wabelgiji kule bandarini; na Mchinjaji. Wengine walikuja wakasoma fatiha wakaondoka. Hawa saba, na mimi wa nane, ndio tuliobaki mpaka mwisho.

Maiti ilikuwa bado ndani, inaoshwa, mjomba alipoanza kugawa. Alikaa kwenye mkeka uani, akahesabu kwa vidole. Athumani angekwenda naye kulima. Tausi angepewa mke wake mdogo ambaye hakujaliwa mtoto. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne na nimefika darasa la tatu. Huko kwao kulikuwa na mzee mwenye minazi anayetafuta mke wa tatu. Vyungu na kanga za mama vingeingia kwenye gunia.

"Watoto watatu, milango mitatu," akasema. "Hakuna atakayelala njaa."

Mchinjaji alikuwa jirani yetu wa ukuta mmoja, chumba cha mbele. Alikuja moja kwa moja kutoka machinjioni, kanzu yake ya kazi ina damu mpaka magotini. Akasimama mbele ya mkeka.

"Sema tena."

"Nasema, watoto watatu, milango..."

Ngumi ilimkuta na neno mdomoni. Meno mawili yalianguka karibu na chetezo cha ubani. Mjomba alilala chali, miguu juu ya gunia lake. Bi Mwanahawa aliyafagia yale meno pamoja na majivu, akasema, "Fujo tena msibani, jamani," kama mtu anayelalamikia kuku.

Nikamwambia mjomba, damu ikimtoka, kwamba hatutaachana. Sikusema zaidi. Niliyasema hayo mbele ya watu wote, na nimeishi nayo.

Basi jeneza lilipotolewa, Mihambo akalala mlangoni, amejifunga kanga ya mama kichwani. Alikuwa mtani wetu. Sisi Wazaramo na Wanyamwezi tunataniana tangu zamani za misafara, na kazi ya mtani msibani ni kuvuruga kilio. Aliiga sauti ya mama akigombana na muuza nazi, mkono kiunoni, hata nikacheka huku nalia. "Huyu mtumwa wangu nani kampa ruhusa ya kufa?" akauliza. "Haendi popote mpaka nilipwe." Kisha akamwona Mchinjaji kashika pembe ya jeneza, vifundo vya vidole vimepasuka kwa meno ya mjomba.

"Na wewe, Mzaramo. Mgeni anakuja kuzika, unamng'oa meno. Kichwani mwako kuna kitu kingine zaidi ya ngumi?"

Halafu akammiminia matusi ya Kifaransa. Hatukujua ni matusi gani, lakini tulijua ni matusi, maana aliyasema kwa utamu, macho kayafumba. Watu wakacheka. Mchinjaji akaachia jeneza, mkono ukapanda. Ukabaki hewani. Mtani hapigwi. Anaweza kukutukania mama yako, kukunyang'anya kofia, kulala juu ya kaburi lako. Ukimpiga umewaaibisha watu wako wote mpaka watoto wao. Mkono ukashuka polepole, ukashika tena jeneza.

"Umesema nini?" akauliza.

"Kajifunze," alijibu Mihambo, akajiondoa mlangoni.

Nilimjua Mchinjaji zaidi ya miaka ishirini na sijui alizaliwa wapi, wala baba yake alikuwa nani. Nilizijua ngumi zake. Mwizi aliyeiba maini kwenye meza yake sokoni alipigwa kwa pafu la ng'ombe, bichi, mara nyingi hata hakuweza kuona kwa damu isiyo yake. Askari aliyetaka nyama ya bure alipigwa kichwa cha pua, na Mchinjaji akakaa miezi mitatu jela akarudi amenenepa. Siku moja vijana wa vyama viwili vya ngoma walipigana Mnazi Mmoja kwa marungu. Yeye alipita tu, anakwenda zake, akaingia katikati akawapiga wa pande zote mbili. Nilimuuliza alikuwa upande gani.

"Walikuwa wananizibia njia," akasema.

Tena hakuwa mtu wa haki daima. Alimvunja mkono mchuuzi mmoja wa mihogo kwa kosa ambalo mtu huyo hakulifanya. Alipopata habari ya kweli hakwenda kuomba radhi. Kila Ijumaa, mwaka mzima, alimpelekea mguu wa mbuzi, akauweka mlangoni na kuondoka bila salamu. Yule mchuuzi aliniambia alikula nyama ile kwa woga, kila tonge.

Lakini mnyama hakuguswa ovyo mbele yake. Hakuchinja ng'ombe akitazamwa na mwenzake. Alimfunika macho kwa kiganja, kisu alikuwa amekificha nyuma ya mguu, na kabla ya kumtaja Mungu alimnong'oneza jambo sikioni. Miaka ya baadaye alinong'ona kwa Kifaransa: "Pardo, mo viye." Naandika kama masikio yangu yalivyopokea. Maana yake, unisamehe, mzee mwenzangu. Neno hilo hakumwambia binadamu yeyote, nijuavyo mimi.

Mara moja alinipiga mimi. Ilikuwa baada ya arobaini ya mama. Mjomba alirudi na mdomo umepona, akatushitaki kwa liwali. Liwali alisikiliza, akaamua hivi: nitakaa na wadogo zangu chini ya macho ya Bi Mwanahawa, lakini siku mmoja wetu atakapoingia mikononi mwa polisi, wote watakwenda kwa mjomba, na hakuna shauri jingine. Nilikuwa nimeanza kuuza vitumbua sokoni kando ya meza ya Mchinjaji. Mwezi ule unga ulipanda bei, Tausi akaugua, nami nikasema kwa sauti kwamba labda yeye mdogo akapumzike kwa mjomba, mvua zikiisha nimfuate. Mchinjaji alikuwa akichuna ngozi. Alichukua mkia wa ng'ombe akanichapa nao mgongoni mara mbili, nikaangukia vitumbua vyangu.

"Ulisema hamtaachana," akasema. "Nilimng'oa mtu meno, wewe ukaweka neno juu yake. Usinifanye muongo."

Alinunua vitumbua vyote vilivyoingia mchanga. Tausi alipona hapo hapo Kariakoo.

Sasa nieleze alivyojifunza Kifaransa, maana wengi walimwona akipiga na wachache walimwona akijifunza, na mimi sijaona mtu mzima aliyefurahi kiasi kile.

Alikuwa na namba tayari. Wakati wa vita vya Wajerumani alikamatwa Tabora akabebeshwa mizigo na jeshi la Wabelgiji. Mpagazi aliyechelewa alilazwa chini, akapigwa kiboko ishirini na tano, na sajini alihesabu kwa Kifaransa. Ndiyo maana alijua kuhesabu mpaka ishirini na tano, sawasawa, na hakujua ishirini na sita.

"Hizi nilifundishwa mgongoni," aliniambia. "Kuanzia ishirini na sita najifundisha mwenyewe, tena kwa raha."

Mizigo ya Wabelgiji ilishuka kwa reli kutoka Kigoma, na Wakongo walikuja nayo. Jioni walifika sokoni kutafuta chakula. Mchinjaji aliwapikia supu ya makongoro kwenye debe nyuma ya meza, akawakalisha, akanyoosha kisu kwenye ng'ombe aliyetundikwa. Ulimi? Lang. Moyo? Ker. Ini? Fwa. Kichwa? Tet. Siku ya kwanza ya wiki alijifunza mbele, siku ya pili nyuma, siku ya tatu tumboni. Alipomaliza viungo, aliuliza vitendo: kukata, kuvuta, kukimbia, kuanguka. Kila neno alilolimiliki alilitia alama kwa kisu ubavuni mwa gogo la kukatia nyama. Hakujua kuandika, lakini aliweza kuweka kidole juu ya alama yoyote akakutajia neno lake. Gogo lile liliendelea kuchongeka mpaka likaanza kuyumba.

Alijaribu maneno kwa wateja. Mama mmoja wa Gerezani aliomba nusu ratili ya mfupa, akajibiwa kwa Kifaransa.

"Unasemaje?"

Akarudiwa.

"Baba, mimi nataka mfupa tu."

"Sema merisi, utapata na uboho."

Akasema merisi, yaani asante. Baada ya miezi michache nusu ya wanawake wa Kariakoo walisema merisi na walipata uboho. Wale waliokataa walipewa mfupa mkavu, na mmoja aliyemwita mwendawazimu alirushiwa utumbo.

Ugumu ulikuwa kwenye matusi. Wakongo walimwogopa. Alimshika mmoja kola, kijana mrefu wa Kasongo, akamwambia, "Nitukane." Kijana akasema hawezi kumtukana mzee aliyempa supu. "Nitukane, nasema, au nikupige." Kijana akatamka kitu kwa sauti ya chini. Mchinjaji akamwachia kola, akafumba macho, akakirudia mara tatu, akacheka mpaka akashika meza. Akamwongeza supu. "Lingine," akasema.

Mimi niliingia kwa ajili ya herufi. Salum alifungia sukari kwa magazeti ya zamani aliyopewa na Mihambo kutoka jikoni kwa Wabelgiji. Mchinjaji aliyakusanya, akaniletea. Nilisoma kama nilivyofundishwa shuleni, nisiache herufi hata moja. Kijana wa Kasongo alicheka supu ikamtoka puani. Mchinjaji akampiga kofi, akamfuta kwa upindo wa kanzu, akamwambia, "Sasa sema wewe inavyotakiwa." Tukaendelea hivyo jioni nyingi: nasoma vibaya, Mkongo ananyoosha, Mchinjaji anakamata. Niliacha shule darasa la tatu; la nne nilisomea pale, inzi wakitambaa juu ya ukurasa.

Kwanza alitaka kumjibu Mihambo tu. Siku ya Idi, mwaka mmoja na zaidi baada ya msiba wetu, walikutana Mnazi Mmoja mbele ya watu. Mchinjaji alikuwa na sentensi moja. Aliifanyia kazi mwezi mzima, akaisema bila kukwama, kifua mbele. Mihambo aliinamisha kichwa kama anayeonja mchuzi. Kisha akajibu kwa sentensi tatu, mbio mbio, na ya mwisho akaiimba. Watu hawakuelewa hata neno, lakini walijua nani kashindwa kwa kutazama nyuso.

"Pagazi wewe," alisema Mchinjaji kwa Kiswahili, jasho linamtoka. "Ulibeba meno ya tembo mpaka akili zikakutoka utosini."

"Usikimbilie kwenu," alisema Mihambo. "Rudi huku tulikokuwa."

Alirudi nyumbani akapiga mlango wa chumba chake mpaka bawaba ikang'oka. Kesho yake sokoni alikuwa na furaha kama aliyeposa. Alikuwa ameyakamata maneno mawili kati ya yale aliyotukanwa, na aliyachonga kwenye gogo mbele ya yote.

Kila Idi walikutana. Mwaka wa nne Mihambo alitafuta neno akalikosa, akavua kofia yake akamvisha Mchinjaji kichwani, na watu wakapiga vigelegele. Wala hawakuacha. Nadhani wakati huo hawakuwa wanatafuta mshindi tena. Mihambo hakuwa na mtu mwingine mjini wa kusema naye lugha ile bila kusema "ndiyo, bwana."

Athumani alipofika miaka kumi na mitano alipata kazi ya kubeba makasha katika ghala moja la Wabelgiji kule Kivukoni. Alikuwa mrefu, lakini kifua chake kilikuwa dhaifu tangu homa ya utotoni. Siku moja asubuhi kasha la mvinyo lilimponyoka, chupa zikavunjika zote. Mzungu wa ghala alimpa kuchagua: viboko ishirini na tano pale pale, au polisi kwa kosa la wizi, maana angesema chupa zimeibwa. Athumani aliijua hukumu ya liwali kama alivyolijua jina lake. Akavua shati, akalala juu ya magunia.

Mihambo alikuwa amepeleka kahawa. Aliona, akaweka sinia chini, akakimbia mpaka Kariakoo kwa miguu yake ya mpishi. Alifika sokoni hana pumzi.

"Wanampiga Athumani," akasema. "Akizimia kabla hawajamaliza, watampeleka polisi."

Mchinjaji alikuwa na shoka la mifupa mkononi. Akaanza kutoka nalo.

"Weka shoka, mtani. Ukiingia nalo watakunyonga, na mtoto atakwenda jela vilevile."

"Niingie na nini?"

"Na mdomo, mjinga wewe. Umeulisha makongoro miaka yote hii kwa kazi gani?"

Alilitupa shoka kwenye gogo likazama mpaka kwenye mpini. Tukakimbia sote watatu, na mimi nimeacha vitumbua motoni. Njia nzima nilikuwa nikiwaza gunia la mjomba.

Tulipofika langoni walikuwa wamefika nane. Mnyapara alihesabu kwa Kifaransa kwa sauti ya kuchoka. Mgongo wa Athumani ulikuwa umefunguka. Alikuwa ameuma gunia, na macho yake yalikuwa yanageuka meupe. Mzungu alikaa kitini, goti juu ya goti.

Nilingoja Mchinjaji aue mtu. Alivua kofia. Akasema kwa Kifaransa, taratibu, kama anayekata mnofu bila kugusa mfupa. Nilielewa nusu, na nusu nyingine Mihambo alinieleza baadaye. Alisema: Bwana, huyu ni mwanangu. Nane ni zake. Zilizobaki ni zangu.

Yule Mzungu alishusha goti. Akauliza alijifunzia wapi lugha hiyo.

"Tabora mlinifundisha mpaka ishirini na tano," alisema. "Zilizobaki nimejifundisha mwenyewe."

Mzungu akacheka, akamwita karani aje asikie mchinjaji mwenye damu kwenye kanzu akisema Kifaransa. Akamwambia arudie. Akarudia. Kisha Mzungu akaonyesha magunia kwa kidole.

Tulimwinua Athumani. Mchinjaji akalala mahali pake penye joto, na alikuwa na mgongo ambao sikuwahi kuuona, makovu juu ya makovu kama ganda la mti. Alimwambia mnyapara anyamaze, yeye atahesabu mwenyewe. Nef. Dis. Onz. Kiboko kilishuka kwa sauti ya mlango unaopigwa na upepo. Nyama yake iliruka vipande kwenye kumi na saba. Hakupandisha sauti wala hakuishusha. Kwenye ishirini na tano mnyapara akasimama, akafuta mkono.

"Vent-sis," ishirini na sita, alisema Mchinjaji. Akainuka.

Mnyapara akamtazama Mzungu. Mchinjaji alichukua kofia yake, akamtazama yule Mzungu machoni, "vent-set," akageuka, "vent-wit," akatoka langoni. Akaendelea kuhesabu. Alihesabu Kivukoni kote, akahesabu mbele ya maduka ya Wahindi, watu wakitoka barazani kumtazama mtu anayechuruzika damu na kutaja namba. Tulipokanyaga Mnazi Mmoja alikuwa amepita mia nne. Mihambo alitembea kando yake, amembeba Athumani mgongoni, hakusema neno la utani hata moja. Mbele ya meza yake sokoni Mchinjaji alipotea hesabu. Akasimama, akajitukana. Kisha akamgeukia Athumani akamzaba kofi.

"Kasha hushikwa kwa chini," akasema. Ndipo akaanguka.

Jioni Mihambo alikuja na samli. Alimpaka mgongoni huku akimtukana mfululizo, kwa Kifaransa na Kinyamwezi, machozi yakimdondokea kwenye vidonda, na Mchinjaji akimjibu kwa midomo iliyokauka. Polisi hawakuja. Mjomba hakupata habari. Hatukuachana.

Hilo hakulitaja tena, na nilipojaribu kulitaja alichukua kitu cha karibu akanirushia. Mara moja kilikuwa kwato.

Mara ya mwisho ninayotaka kuisimulia, Athumani alikuwa amekwisha kuoa, na Tausi ana mimba ya kwanza, nasi sote bado tunakaa nyumba moja. Mchinjaji alikuwa amelegea upande wa kulia. Meza yake sokoni ilikuwa ya mtu mwingine. Alikaa barazani mchana kutwa na fimbo katika mkono wa kushoto, akawapiga kuku, mbuzi, na wapita njia waliokaribia. Nilimletea kanzu mpya na samaki wa kukaanga.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Ni nini hicho?"

"Kidogo tu. Kwa yale ya Kivukoni."

Aliisukuma kanzu kwa fimbo ikaanguka chini. Samaki alimbakiza.

"Nguo ninazo. Nataka jibu," akasema. Ulimi ulikuwa mzito lakini nilimwelewa. "Mimi nitakufa kabla ya yule Mnyamwezi. Atakuja, atalala mbele ya jeneza, atanitukana kwa Kifaransa, na mimi nitakuwa nimefungwa pamba mdomoni. Wadogo zako hawajui kitu. Nani atamjibu?"

Nikainama kuokota kanzu, akaninyooshea fimbo.

"Wewe Mzaramo, ni mtani wake halali. Jibu nimelitunga tayari. Ni refu. Siku utakayolisema lote mbele yangu bila kosa, hatudaiani."

Basi nikawa nakwenda kila Ijumaa baada ya swala. Alinipa jibu kipande kwa kipande, chafu kuliko chochote nilichowahi kusikia, akicheka kwa upande mmoja wa uso kila alipofika penye utamu. Nikikosea, fimbo ilishuka kwenye muundi wa mguu. Wiki nyingine alibadilisha kipande kizima kwa sababu amepata tusi bora. Mke wa Athumani aliniona nikijipaka samli miguuni, akauliza kama nimepata mume.

Ijumaa moja Mihambo alinisimamisha kwenye kona ya duka la Salum. Alikuwa amezeeka pia, amebeba kikapu kama mwanamke.

"Umefika wapi?" akauliza.

"Nimefika wapi na nini?"

"Mwanangu, siku hizi nakaa ukuta wa pili, nasikia. Lile la sufuria ya bibi yangu ni zuri sana. Umelijua lote?"

Nikamwambia nimelijua lote tangu usiku wa Jumatano. Leo nakwenda kulisema.

Alitazama kikapu chake. "Mtu yule hana kazi nyingine iliyobaki duniani," akasema. "Umenisikia?" Akaondoka, hakuaga.

Mchinjaji alikuwa ameshanyoosha fimbo juu ya goti alipoona nakuja. Nilikaa chini mbele yake, nikavuta upindo wa kanga ukaacha miguu wazi. Nikaanza. Nilisema vizuri mpaka nikapita katikati, na macho yake yakaanza kufumba kwa utamu, na nikaona bado pumzi chache tu nimalize.

Nikakosea.

Fimbo ikashuka.

"Tangu mwanzo," akasema Mchinjaji.